Mzinga Mwekundu na Kasha la Vitambaa

Kiberiti alianza siku kwa kugombana na uzi. Alikaa barazani nyuma ya cherehani yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na kila uzi ulipokatika aliusema kama mtu anavyomsema mtoto aliyetumwa dukani akakaa kucheza. Majirani ndio waliompa jina hilo. Kitu kidogo, ukikikwaruza kinawaka. Mwenyewe hakulikataa.

"Afadhali kiberiti kuliko jivu," alisema.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Kazi zilimpeleka mbali. Aliondoka Jumatatu akarudi Jumamosi, kucha zake zina rangi za nyumba za watu. Upande wa pili wa uzio wa mbao aliishi dada wa mumewe, yaani wifi yake Kiberiti, ambaye alikuwa mpishi wa shule. Zamani kiwanja kilikuwa kimoja. Wazazi walikigawa vipande viwili vyembamba, virefu, kutoka barabarani mpaka chini kwenye korongo lenye vichaka. Katika uzio waliacha mlango mdogo usio na komeo. Hapo zilipita chumvi, makaa ya moto na habari za watu.

Wawili hao walipendana. Wifi ndiye aliyemtafutia kaka yake mke, na mke mwenyewe ndiye Kiberiti. "Nilijua ana mdomo," alizoea kusema. "Lakini kaka yangu hana kabisa, kwa hiyo wamegawana."

Shida ilianzia kwenye maboga. Kiberiti aliyapanda nyuma ya jiko, na maua yakatoka mengi, makubwa, ya njano. Kisha kila boga changa lilinyauka likaanguka. Kwa wifi, matango yalipinda na kusinyaa ncha moja. Kiberiti alimwagilia maji, akaweka samadi, akayatukana. Hayakusikia. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua gauni akamwambia kwamba maboga bila nyuki ni kama harusi bila bwana harusi. Siku hiyo hiyo Kiberiti akaenda kwa seremala kuagiza mzinga.

Seremala alileta sanduku refu la mbao. Chini ya mfuniko wake vilipangwa vijiti vya mbao, kila kimoja kimegusana na mwenzake.

"Nyuki wataning'iniza masega yao kwenye vijiti hivi," alisema. "Ukitaka asali, unanyanyua kijiti kimoja kimoja. Huna haja ya kuvunja nyumba yao."

Alikaribishwa chai, akanywa, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza zaidi, na hilo lilikuwa kosa la kwanza.

La pili lilikuwa la mume. Aliuzunguka mzinga, mikono nyuma.

"Mbao tupu?" alisema. "Nyumbani kwa fundi rangi? Watu watasemaje?"

Akaupaka rangi nyekundu ya mafuta, ile ya kung'aa. Akaupaka nje, akaupaka na ndani. Akarudia, akarudia tena, mpaka ukang'aa kama gari jipya. Kiberiti naye, asishindwe kwa usafi, akauosha kwa sabuni ya manukato. Wakauweka karibu na kamba ya kuanikia nguo, tundu lake likitazama ule mlango mdogo wa uzio, ili kila apitaye auone.

Wakangoja. Nyuki walipita juu wakaenda zao.

"Wifi," aliuliza dada mtu kutoka upande wake, "jumba lako bado halijapata mpangaji?"

"Watakuja."

"Labda kodi ni kubwa. Punguza."

Siku ya kwanza Kiberiti alicheka. Baadaye hakucheka tena.

Asubuhi moja nyuki wakaja, wingu zima linavuma. Kiberiti aliacha nguo ya mteja ikiwa nusu, akakimbia kutazama. Nyuki waliuzunguka mzinga mwekundu, wakaunusa, wakauacha. Wakaenda nyuma ya jiko. Huko kulikuwa na kasha kuukuu la kuwekea mabaki ya vitambaa, limepasuka pembeni, linanuka ukale. Waliingia kwenye ufa ule mpaka wakaisha.

"Nimewajengea jumba," Kiberiti alimwambia mumewe Jumamosi. "Wamekwenda kulala stoo."

"Si wako hapa hapa nyumbani?"

"Wamenidharau."

"Nyuki, mke wangu?"

"Nyuki."

Mume akaenda kuosha brashi zake. Ukweli ni kwamba mambo yalikuwa yameanza kunyooka. Maboga yalianza kushika. Matango ya wifi yalianza kujaa. Kiberiti aliyaona hayo kwa macho yake. Lakini kila alipopita nyuma ya jiko akawasikia wakivuma ndani ya matambara yake, na mzinga wake umekaa mtupu, hasira ilimpanda. Hasira ikishapewa kiti haiondoki kwa kubembelezwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mume alikuwa safarini, wifi alikuwa shuleni na masufuria yake. Upande wa pili wa uzio, mbuzi wa wifi alifungwa kamba kwenye nguzo kama kila siku. Alikuwa mbuzi wa maziwa, mweupe, aliyefiwa na mama akiwa mchanga. Wifi alimlea kwa chupa jikoni kwake. Kwa maringo yake walimwita Bi Mkubwa.

Kiberiti alijifunga shuka kichwani. Aliburuta mzinga mwekundu mpaka mbele ya kasha, akaufunua. Kisha akachukua ufagio, akaanza kulipiga kasha ubavuni, mchana kweupe.

"Tokeni. Nyumba yenu ile pale."

Wakatoka.

Hawakutoka kama wapangaji wanaohama. Walitoka wote kwa pamoja. Kiberiti alichomwa mkononi, shingoni, juu ya jicho. Alitupa ufagio, akakimbilia ndani, akafunga mlango na kusukumia taulo chini yake. Nje mvumo ulijaa ua wote. Kisha akamsikia Bi Mkubwa.

Mbuzi hakulia kama anayetaka majani. Alilia huku kamba inakaza, inalegea, inakaza. Kiberiti aliweka mkono kwenye kitasa. Akautoa, akauweka tena. Mlango hakuufungua. Baada ya muda mbuzi akanyamaza, na Kiberiti akakaa chini sakafuni.

Wifi alirudi jioni na ndoo yake ya maganda ya kumlisha mbuzi. Hakupiga kelele. Kiberiti angependa apige kelele, maana kelele alizijua. Wifi alikuja mpaka kwenye mlango mdogo, akasimama, ndoo bado iko mkononi.

"Nani aliwachokoza?"

"Nyuki wenyewe wana..."

"Nani aliwachokoza, wifi?"

"Nilitaka kuwahamisha."

"Mchana wa jua? Na mnyama wangu yuko kambani?"

"Sikumkumbuka."

"Alipolia, ulimsikia?"

Hapo Kiberiti alikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kweli. Hasira ikamwahi, kama inavyomwahi kila mwenye kosa.

"Na mimi nimeumwa," alisema. "Tazama jicho langu. Mbona hilo huliulizi? Mbuzi nitakutafutia mwingine."

Wifi alilitazama lile jicho. Alilitazama vizuri.

"Mbuzi si shati, ukilichana hili ushone lingine," alisema. "Kaka yangu anarudi Jumamosi. Akute hao wadudu hawapo. Wasipokuwa wameondoka, nitawamwagia mafuta ya taa mimi mwenyewe. Wao, na kasha lako, na jumba lako jekundu."

Akaenda akaleta nyundo. Akapigilia misumari kwenye mlango mdogo, kwa upande wake. Kila pigo lilifika barazani.

Kesho yake, jicho likiwa limefumba kwa uvimbe, Kiberiti alikwenda ofisi ya misitu na nyuki. Alimkuta mwanamke mfupi mwenye buti ndefu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Nyuki. Bibi Nyuki alianza na jicho.

"Unapumua vizuri? Koo halikubani? Mwili haukutoka vipele?"

"Napumua vizuri, vipele sina. Hapa tu pamevimba."

"Ungekuwa na dalili hizo ningekupeleka hospitali sasa hivi, hayo mengine yangengoja. Kuna watu ambao mwiba mmoja tu unaweza kuwaua. Mwiba uliutoaje?"

"Niliubana kwa vidole."

"Ukaibana na sumu ikaingia yote. Siku nyingine uukwangue kwa ukucha, haraka. Haya, niambie."

Kiberiti alieleza. Bibi Nyuki alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu akija kuupiga ukuta wako kwa gongo, mchana, watoto wako wamelala ndani, ungemfanya nini?"

Kiberiti angemfanya mengi.

Walifika nyumbani kwa pikipiki ya Bibi Nyuki. Alipouona mzinga mwekundu alivua kofia yake ngumu, akaiweka chini polepole. Kiberiti aliijua hali ile. Alikuwa amesimama mbele ya mtu mwenye hasira kama yake.

"Nani alipaka rangi ndani?"

"Mume wangu. Ni fundi rangi."

"Angekuwa fundi bomba mngewawekea bafu." Akaingiza pua ndani ya mzinga. "Rangi ya mafuta. Na nini tena? Sabuni?"

"Ya manukato," alisema Kiberiti, sauti ndogo.

"Nyuki anaijua nyumba kwa kuinusa, mama. Anataka mbao kavu inayonuka mbao, au inayonuka nta. Kasha lako lina giza, ni kavu, lina ufa mdogo wanaoweza kuulinda. Hata mimi ningekaa humo. Lakini nyinyi mnanichosha. Mtu ananunua mzinga, anauweka anapotaka, mambo yakiharibika ndipo ananitafuta. Kwa nini hamniiti kabla?"

"Sikujua kama upo."

Bibi Nyuki aliokota kofia yake. "Hilo ni kosa letu sisi wa ofisi," alisema. "Twende tukakione kiwanja."

Hawakufika mbali. Dumu liligonga uzio. Wifi alikuwa amesimama upande wake, hakuenda kazini, na dumu lilikuwa la mafuta ya taa.

"Ulisema Jumamosi," alisema Kiberiti.

"Nimeamka nikaona sina sababu ya kungoja."

Bibi Nyuki alisogea karibu na uzio. "Ukiwasha, watatoka kabla moto haujawafikia. Watakukuta wewe umeshika dumu. Na moto wenyewe utapanda paa la jiko. Utateketeza nyumba kwa ajili ya mbuzi aliyekwisha kufa."

"Mbuzi aliyekwisha kufa alikuwa wangu."

"Najua. Una haki ya kukasirika. Mimi mwenyewe nimekasirika, na mbuzi hakuwa wangu."

Tangu jana hakuna aliyekuwa amemwambia wifi kwamba ana haki. Aliliweka dumu chini.

"Mnyama hafungwi kamba karibu na nyuki," Bibi Nyuki aliendelea. "Mbwa wa mnyororo, kuku waliofungiwa bandani, ni yale yale. Aliye huru atakimbia. Aliyefungwa hana pa kwenda." Akamgeukia Kiberiti. "Na wewe, ungetoka kumfungua bila nguo za kazi, leo tungekuwa tunazika mtu. Kosa lako si kufunga mlango. Kosa lako ni ufagio."

Kiberiti alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia.

"Matango ya nani yale?" aliuliza Bibi Nyuki, akichungulia juu ya uzio.

"Yangu," alisema wifi.

"Mazuri. Lakini yale ya nyuma yamepinda."

"Yale ni ya mwanzo. Haya ya sasa hivi ndiyo..." Wifi akanyamaza. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Kuna ua dume na kuna ua jike," alisema Bibi Nyuki. "Tunda halijai mpaka unga wa ua dume ufike kwenye ua jike. Unga huo unaitwa chavua. Anayeubeba ni huyo unayetaka kumchoma."

Wifi aliokota dumu lake akaingia ndani bila kuaga. Lakini mafuta hakuyamwaga.

Jioni Bibi Nyuki alirudi na gari dogo la ofisi, likiwa na mzinga mtupu. Jua lilikuwa limezama, lakini macho bado yaliona. Alimvika Kiberiti suti ya ziada, akamkabidhi bomba la moshi. Ni kopo la bati lenye mdomo, na kwa nyuma kuna mfuko wa kukandamiza ili upulize. Ndani waliwasha maranda na majani makavu.

"Usitie plastiki wala mafuta humo," alisema Bibi Nyuki. "Tunataka moshi mwembamba, wa baridi. Nyuki akiunusa anadhani msitu unaungua, anakimbilia kushiba asali ili aondoke nayo. Na aliyeshiba ni mvivu wa kugombana."

"Kama mume wangu."

"Polepole, mama. Usiwafukuze. Wapigie hodi."

Tangu azaliwe Kiberiti hakuwahi kufanya jambo polepole. Mkono ulitaka kukimbia. Kila alipouharakisha, mvumo ndani ya kasha ulipanda. Alipoutuliza, ulishuka. Lilimuudhi sana jambo hilo, kutawaliwa na wadudu nyuma ya jiko lake mwenyewe. Lakini nyuki hawabishani na mtu, na hawasikii maelezo. Akaishia kuutuliza mkono.

Bibi Nyuki alikata masega yenye watoto wa nyuki, akayafunga kwa uzi wa pamba kwenye vijiti vya mzinga wake. Alimwonyesha Kiberiti malkia, mrefu kuliko wenzake, akitembea bila haraka. "Huyu akiingia, wengine watamfuata," alisema. Waliobaki aliwapangusia ndani kwa unyoya wa bata. Kisha akaziba tundu la mzinga kwa wavu, wakaupakia kwenye gari.

"Unawapeleka wapi?" aliuliza Kiberiti. Alishangaa kuona anaumia.

"Mbali. Nikiwahamisha kutoka hapa mpaka kule chini tu, kesho watarudi hapa hapa. Njia wameshaikariri. Wakae mbali wiki kadhaa waisahau, halafu nitakurudishia. Kwa masharti."

Wakateremka pamoja mpaka mwisho wa kiwanja, penye ua wa michongoma mrefu kuliko mtu.

"Mzinga ukae hapa, nyuma ya michongoma. Tundu litazame korongoni, kusiko na watu wala njia. Uning'inize kwa waya kati ya nguzo mbili, usawa wa kiuno. Paka waya grisi, sisimizi wasipande. Weka beseni la maji karibu, utie na mawe ya kutua, wasije kunywa kwenye ndoo za watu. Kiwanja chako kingekuwa hakina korongo, ningekukatalia kabisa. Nyuki wetu ni wakali, si kila ua unawafaa."

"Nitafanya yote."

"Bado mawili. Mzinga haufunguliwi na mtu mmoja. Watu wawili, siku zote, jioni, na nguo kamili. Na jirani akubali kwa mdomo wake mwenyewe."

"Hatakubali."

"Basi asali utanunua dukani," alisema Bibi Nyuki, akawasha gari.

Jumamosi mume alirudi, akapokewa na msasa.

"Kwangua," alisema mkewe.

"Yote?"

"Ndani yote. Usiache hata alama."

Alikwangua siku nzima, akinung'unika kwamba hajawahi kuona kazi nzuri ikitukanwa hivyo. Wakauacha mzinga kwenye upepo mpaka harufu ikaisha. Ndani wakapaka nta iliyoyeyushwa kutoka kwenye masega ya kasha. Nje Bibi Nyuki alimruhusu rangi moja, nyeupe, ya maji. Mume aliipaka kwa huzuni.

Kiberiti naye alikaa kwenye cherehani. Alishona suti za nyuki kwa kitambaa kizito cheupe, pana, zenye lastiki kwenye mikono na miguu ili nyuki asipate pa kuingilia. Usoni aliweka wavu mweusi, maana mweupe humzuia mtu kuona vizuri. Alishona mbili. Ya pili aliishona kwa vipimo vya wifi alivyokuwa navyo kichwani tangu zamani, alipomshonea sare za jikoni. Aliishona akiwa na hasira, na mishono ya hasira hukaza.

Wiki zikapita. Maboga machanga yakaanza tena kuanguka.

Kwa sababu mlango mdogo ulikuwa na misumari, Kiberiti alizunguka kwa barabarani, akabisha hodi mlango wa mbele wa wifi kama mgeni. Suti ilikuwa mkononi.

"Nimekuja kuomba ruhusa."

"Ya kuua nini tena?"

Jibu lilimfika Kiberiti mdomoni, la moto. Akalimeza. Lilimuunguza likishuka. "Ya kuwarudisha nyuki," alisema. "Chini kabisa, nyuma ya michongoma."

"Matango yangu yanaanguka," alisema wifi kwa ukali, kana kwamba ametukanwa. "Nayaona. Sihitaji mtu wa kuja kunifundisha."

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema."

"Nataka. Lakini sijasema."

Wifi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Nyuma yake, ukutani, ilining'inia kamba ya Bi Mkubwa.

"Wakirudi," alisema hatimaye, "hutaufungua mzinga huo mimi nikiwa sipo. Hata siku moja. Sikuamini."

"Inatakiwa wawe watu wawili."

"Sikusema nitakusaidia. Nitakuchunga usifanye ujinga."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Wifi aliichukua suti kwa vidole viwili, akafunga mlango.

Nyuki walirudi. Bibi Nyuki mwenyewe alihamishia vijiti vyenye masega kwenye mzinga wao, maana seremala alivikata kwa kipimo kile kile cha ofisi. Jioni ya kwanza ya kuukagua peke yao, wanawake wawili walioviringika kwa mavazi meupe waliteremka kiwanjani, kila mmoja kwa upande wake wa uzio, wakakutana chini ambako uzio huishia. Hawakusalimiana.

"Moshi," alisema Kiberiti.

"Nimeona."

Wifi alipuliza taratibu. Alikuwa na mkono mzuri kuliko Kiberiti. Mtu aliyezoea kuchochea masufuria ya shule nzima anajua moto unataka nini. Kiberiti alinyanyua kijiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Sega lilikuwa jeupe, zito, limejaa nyuki waliotulia. Mikono yake ilikuwa imejaa, hakuweza kukimbia wala kufunga mlango wowote.

"Nilimsikia," alisema.

Bomba la moshi likasimama.

"Uliniuliza siku ile. Nilimsikia tangu mwanzo mpaka aliponyamaza. Nilikuwa nimeshika kitasa."

Nyuma ya wavu mweusi uso wa wifi haukuonekana. Nyuki mmoja alitua kwenye wavu, akatembea, akaruka.

"Rudisha sega," alisema wifi. "Watoto wao watapata baridi."

Kiberiti alilirudisha. Wifi akaanza tena kupuliza, polepole, na kazi ikaendelea mpaka mfuniko ukafungwa.

Msimu ulipofika walirina asali. Bibi Nyuki alikuja kusimama pembeni, mikono mifukoni, akiwasema. Walichukua masega yaliyozibwa kwa nta tu, maana asali isiyozibwa haijaiva. Yenye watoto waliyaacha. Walibakiza na asali ya nyuki wenyewe kula, ingawa Kiberiti aliitazama kwa uchungu. "Ukiwaacha na njaa watahama," alisema Bibi Nyuki, "na watakuwa na haki." Asali waliichuja kwa kitambaa safi, wakaijaza kwenye chupa zenye vifuniko.

Mwaka huo maboga yalizidi. Mume aliondoka kila Jumatatu na boga begani kuwapelekea mafundi wenzake, mpaka wakamwomba apumzike. Matango ya wifi yalinyooka. Wifi alijenga kibanda cha mbuzi kule mbele, karibu na barabara, chenye mlango wa kusukuma. Humo akaweka mbuzi mdogo wa kahawia aliyemtafuta mwenyewe. Ile kamba haikutoka ukutani.

Kiberiti aliweka chupa ya kwanza ya asali juu ya uzio. Wifi aliichukua, akachovya kidole, akaonja.

"Nyuki nimewasamehe," alisema. "Wewe bado."

Akaondoka na chupa. Kiberiti alibaki amesimama pale.

Asubuhi yake alikuwa barazani, anagombana na uzi. Alisikia mbao ikilia, msumari ukichomoka, kisha mwingine. Mlango mdogo ukafunguka. Wifi aliingia na nyundo mkono mmoja na suti ya nyuki mkono wa pili. Alifika, akaitupa suti juu ya cherehani, juu kabisa ya nguo ya mteja.

"Inanibana makwapani," alisema. "Msimu mzima nafanya kazi kama nimefungwa kamba. Hivi ulinipima wapi?"

"Vipimo vyako vya zamani ndivyo nilivyokuwa navyo."

"Mimi si wa zamani. Nimenenepa."

"Nimeona."

"Basi chukua vipya."

Wifi aliweka nyundo chini, akanyanyua mikono juu. Kiberiti alitoa futi shingoni, akasogea, akamzungushia wifi kifuani, polepole.